Uchakavu wa Vitu vya Mama

Kaka aliandika sifuri kwa chaki ubavuni mwa kabati, akapangusa vidole kwenye suruali.

"Sifuri?" dada yake akang'aka. "Kabati zima hili?"

"Uchakavu." Kaka alikuwa mhasibu, na neno hilo alilitamka kwa raha zake zote.

"Mbona halijachakaa? Hata bawaba hazilii."

"Ninyi neno hilo mnalitumia ovyo. Kwetu wahasibu, uchakavu si kuoza wala kuvunjika. Unanunua kitu, unakisia kitakutumikia miaka mingapi, halafu kila mwaka unakata kipande cha thamani yake. Miaka ikiisha, na thamani imeisha. King'ae kising'ae, shauri yake."

"Na kama bado kinafanya kazi?"

"Kwenye vitabu hakina kitu."

Jamani, kuna elimu nyingine! Mtu kalelewa humo humo ndani, sare zake za shule zilitunzwa kwenye kabati hilo hilo zisiliwe na panya, leo kaja kulipiga chaki.

Nje, dalali alikuwa ameegesha gari, anasubiri kupakia. Nyumba yenyewe ilikwisha kupata mnunuzi. Majirani waliopita dirishani walisema "poleni". Dada aliitikia, kaka hakuinua hata kichwa.

Alipofikia cherehani, dada aliikumbatia.

"Hii hapana, kaka. Hii ndiyo inayotulisha. Beba vingine vyote, hii niachie."

"Mama aliinunua wewe hujazaliwa. Ilikwisha zamani."

"Jana tu nimeshonea mashuka ya watu!"

"Usinililie bwana, hesabu haina undugu." Akaipiga sifuri yake, pale pale karibu na mkono wa dada.

"Basi angalau punguza sauti."

"Kwani nani atasikia?"

Dada alijifuta macho kwa kiganja. Yalikuwa machozi ya hasira. Miezi yote ile hakupata usingizi wa maana, mgongo ulimuuma kwa kuinua na kugeuza, na huyu mwenye chaki hakutia mguu hata siku moja. Simu alikuwa hapokei. Leo kasikia habari ya mnunuzi, kafika kabla ya jua kupanda.

Meza, viti, sufuria, vyote vikapata sifuri. Kilibaki chumba cha nyuma. Dada akawahi mlangoni, akashika miimo kwa mikono miwili.

"Humu usiingie. Nakuomba, kaka."

"Acha utoto. Kuna kitanda cha mbao ngumu humo, dalali amekiulizia."

Akamsukuma kwa bega, akafungua mlango, akainama na chaki yake kutafuta pa kuandika.

"Anzia miguuni, mwanangu," sauti ikamwambia kutoka kwenye mto. "Huku kichwani bado nimelala."