Kupona kwa Mzee Shemdoe

Mzee Shemdoe hakuwa na usikivu wa sikio la kushoto, hakuwa na uthabiti wa kusimama bila kushika ukuta, wala hakuwa na ruhusa ya kulalamika. Mionzi ilikuwa imekizuia kivimbe cha sikioni kisikue, na kwa sheria ya hospitali huko ndiko kupona. Sasa Zuhena, bintiye, alikuwa na kivimbe kama hicho kikielekea ubongoni, na hospitali haingemtibu kwa mionzi hiyo mpaka baba akiri kwa barua kuwa imemponya.

Zuhena akahamia kulia kwake, penye sikio zima. "Andika tu, baba. Wakikuona unayumba, tutasema unacheza rumba."

"Na wewe ukishatibiwa, utacheza na nani?"

"Na wewe."

Mzee akaandika, akaifunga bahasha, wakaenda kuituma wameshikana mikono, Zuhena bado akitembea wima.