Kiraka Kwenye Tanga

Picha ya rafiki yangu Dominique ilitoka Namibia. Alikuwa kwenye mashua ya tanga na mabaharia wenzake, wote wanacheka, jangwa limeshuka mpaka majini. Nyuma ya picha aliandika: "Dada, Mungu iko muzuri!"

Macho yangu yakagandia kwenye tanga. Lilikuwa na kiraka cha kitenge chekundu kilichoshonwa kwa uzi wa bluu, isipokuwa kona moja iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Bluu iliniishia. Kiraka hicho nilikishona mimi.

Mwaka kiwanda cha shaba cha kwetu kiliposimama, mimi na Dominique tulijifunza upepo kwenye ziwa Tshangalele, tukaapa kufika baharini pamoja. Kisha tanga letu likaibwa. Dominique alilia, akashika Biblia, akasema amemwona kaka yangu, mlinzi wa mashua, akilibeba. Nikamfungia kaka mlango.

Siku hizi kaka anavunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Nilimfuata huko, nikampa picha.

Aliitazama sana. Kidole chake, cheupe kwa vumbi la chokaa, kikatua kwenye ile kona.

"Huu uzi mweusi ni miye nilikupatiaka," akasema.

Akanirudishia picha, akainua nyundo, akarudia mawe yake.