Vifungo Zako

Umewahi kuishi na mtu ambaye hata ukimwomba chumvi, anakurekebisha maneno kwanza?

Bibi huyu ameishi naye miaka arobaini. Mumewe alikuwa msahihishaji wa gazeti, na majirani walimwita Bwana Nukta. Bibi akisema "viatu zangu," mlo wote unasimama. "Vyangu, mke wangu. Viatu vyangu." Naye bibi, aliyeishia darasa la saba, ananuna mpaka chai inapoa.

Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu mzee apatwe na kiharusi, na alikuwa hajatamka hata neno moja. Daktari alisema ulimi huenda ukaamka, huenda usiamke.

Asubuhi ile bibi alikuwa akimvalisha shati jeupe la kazini, lile lenye doa la wino mwekundu kwenye mfuko.

"Vifungo zako zimelegea," akasema.

Akalisikia kosa lake mwenyewe. Vidole vikatulia kwenye kifungo cha tatu, akingoja kurekebishwa kama zamani.

Basi akarudia, safari hii makusudi, polepole. "Vifungo zako. Zimelegea zote."

Mzee akakunja uso. Midomo ikasogea, ikashindwa, ikasogea tena.

"Vya," akasema. Akavuta pumzi. "Vyako."

Bibi akakikamata kile kifungo kama kitu kinachotaka kumtoroka.

"Nirekebishe, mzee wangu," akasema. "Nirekebishe mpaka uchoke."