Kitambaa Cheupe cha Ndugu Alawi

Ndugu Alawi, mkaguzi, aliingiza kitambaa cheupe ndani ya bomba la moshi la mashine ya kusaga, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa cheupe vilevile.

"Haiwezekani," akasema, akakigeuza upande wa pili.

Boke, kiongozi wa akina mama, akashusha pumzi. Tangu Land Rover ya mkaguzi ionekane njia ya Bunda, alikuwa hajakaa chini. Kijiji cha jirani kitambaa kilitoka cheusi tii, na mashine yao ya kusaga ikang'olewa siku ileile, eti moshi unawakohoza wagonjwa wa zahanati. Hii yao waliililia kwa maofisa mpaka sauti zikakauka. Ikienda, basi tena.

Alawi naye alikuwa na lake. Bomba lilifungwa kopo la chuma lenye kokoto za dawa ndani; moshi ukipita unaungua mara ya pili, unatoka safi. Kopo hilo alilipigania yeye, huko karakana ya Musoma, wakubwa wakimcheka. Vijiji vingine vyote lilikuwa limemwangusha. Hiki ndicho kilichobaki.

"Iwasheni niione."

Silasi, mwendesha mashine, akajikuna shingo. "Tumeizima sasa hivi, ndugu. Ikiwa na joto inakataaga kuwaka."

Injini ilikaa mlangoni, jua la saa nane likiipiga. Alawi akaigusa, akauondoa mkono haraka.

"Kweli, ina moto." Akainusa. "Na hata harufu ya dizeli hakuna!"

"Hakuna kabisa," Silasi akakubali.

Alawi akachota unga guniani, akausugua vidoleni. "Mbona una chenga?"

"Ndivyo tunaupendaga," Boke akajibu upesi. "Unashibisha."

Jamani, mtu yule alifurahi! Machozi yalimlenga. Akaamuru pipa la dizeli, zawadi ya mashine safi kuliko zote, lishushwe kutoka kwenye gari. Kisha akapita kumpa mkono kila mama. Kila mmoja akakunja ngumi, akamnyooshea kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu.

"Unga, ndugu," Boke akaeleza.

"Kazi hiyo! Wachapakazi nyie!" Akavishika vifundo vyote, akapanda gari, akaenda kuwaambia wakubwa.

Vumbi lilipotulia upande wa Butiama, hakuna aliyecheka. Mama mmoja alikaa chini akakunjua viganja, akaanza kuyapuliza malengelenge ya jiwe la kusagia. Silasi akafungua kifuniko cha tangi kwa mara ya kwanza tangu mashine iletwe bila tone la dizeli, akatoa utando wa buibui kwa kidole.

"Haya, mimina," Boke akasema. "Na sisi leo tujue kama inawakaga."