Popo wa Darini

Waridi ndiye aliyelalamika kwanza. Kila jirani alipomuuliza ni nini kinachotembea darini kwake, alijibu kwamba ni popo, na kwamba wanamnyima usingizi.

Ndiyo maana leo kapita, msimamizi wa kazi za Wazungu, amekuja mwenyewe, kwa wema, na chungu cha makaa na pilipili kavu. Juma zima amekuwa akiwasaka, hapa Kasongo, wanaume waliotoroka porini walikolazimishwa kugema mpira kwa ajili ya vita vya Wazungu, na amechoka kuchukiwa.

"Leo utalala muzuri, mama," akasema, akimwaga pilipili juu ya makaa. "Bwana yako akirudi toka pori, atakuta nyumba iko safi."

Moshi ukapanda, ukapenya kwenye nyufa za mianzi ya dari. Popo wachache wakachomoka chini ya nyasi za paa. Majirani wakapiga vigelegele.

Kisha, huko juu, mumewe akakohoa.

Waridi akakohoa papo hapo, kwa sauti kubwa zaidi.

"Toka inje, mama!" kapita akasema. "Moshi itakuumiza."

Waridi akatikisa kichwa. Akainama juu ya chungu, akauvuta moshi mpaka machozi yakamtiririka shingoni, na kila aliposikia kikohozi cha juu akakifunika kwa chake. Mianzi ikatikisika. Vumbi likamdondokea begani.

"Hawa popo iko na kichwa nguvu," kapita akasema, akatupa konzi la mwisho la pilipili.

Vumbi likaacha kudondoka. Juu kukanyamaza.

Waridi akaendelea kukohoa.