Namba ya Pacha

Doto alihitaji kitambulisho ili mwanawe aliyelazwa afanyiwe upasuaji. Karani wa ofisi ya vitambulisho aligeuza kompyuta amwonyeshe: namba yake ya cheti cha kuzaliwa ilikuwa na jina la Kulwa, pacha wake aliyepotea kwenye mafuriko.

"Mliandikiwa namba moja, dada, na kanzidata haikubali watu wawili kwa namba moja. Lazima tumfute Kulwa ndipo tukuingize wewe."

"Basi nipeni namba mpya."

"Hizo ni za watoto wanaozaliwa."

"Na Kulwa akirudi?"

"Mfumo hautamjua."

Simu kutoka hospitalini iliita mkobani mwa Doto. Karani alimsogezea kifaa cha alama za vidole ili athibitishe kwamba Kulwa afutwe. Doto aliinua kidole gumba, akakishikilia juu ya kioo. Chini yake taa ya kijani iliwaka, ikimsubiri.