Fuko na Shule ya Mlimani

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wa Fuko ni kufagia mlango wa shimo alilolichimba mwenyewe. Kesho yake alikufa.

Matanga hayajaisha, akaja Kicheche, ambaye hakuwahi kusoma popote.

“Shemeji, bado mpo bondeni? Shule teule huwatahini watoto wa mlimani tu. Uza shimo, uhame, ama binti yako atabaki kutafuna mizizi kama wewe.”

Fuko akapanda mlimani kuuliza. Alimkuta Pimbi, mwalimu mkuu wa shule hiyo teule, akifunga mizigo.

“Mwalimu, unahama?”

“Wanangu wamefeli mtihani niliotunga mwenyewe. Nawapeleka shule ya bondeni. Nasikia una shimo huko. Unaliuza?”

Asubuhi iliyofuata Fuko alifagia mlango, akampeleka binti yake shule ya bondeni.